Namba nasibu kutoka kelele ya transista: pima biti mbichi kwanza

Saketi hii hutoa namba nasibu, yaani zisizotabirika, kutokana na kelele ya umeme: volti inayopanda na kushuka bila mpangilio. Kabla hujagusa programu, hakikisha kelele ipo. Chukua transista ya 2N3904, unganisha emita na volti 12 kupitia rezista ya kilo-omu 100, besi ipeleke graundi, kolekta iache wazi. Kiungo cha besi na emita sasa kimewekewa umeme kinyume; mara nyingi kikifika volti 7 hadi 9 huanza kupitisha mkondo kwa mishtuko isiyotabirika. Ukiilisha volti 5 za USB hutapata chochote, na hapo ndipo wanagenzi wengi hukwama.

Vuta kelele hiyo kwenye emita kwa kapasita ya maikrofaradi 0.1, ikuze kwa transista ya pili, kisha LM393, chipu ya kulinganisha volti, iamue: juu ya kizingiti ni 1, chini ni 0. Hizo ndizo biti mbichi, kabla hazijasafishwa. LM393 haiwezi kupandisha volti yenyewe, kwa hiyo weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka pini yake ya kutoa hadi volti 5. Kizingiti nacho usikikadirie kwa macho. Pitisha mawimbi yaleyale kwenye rezista ya kilo-omu 100 na kapasita ya maikrofaradi 10 upate wastani wake, nao ndio uwe kizingiti. Joto la mchana likibadilisha saketi, kizingiti kitafuata.

Hapa pwani kuna maadui wawili. Inveta ya sola, hasa ya bei rahisi, huingiza mngurumo, nao ukiusoma utadhani ni kelele halali. Tumia betri ya volti 12 moja kwa moja. Kisha ng'oa transista ya kwanza na utazame mawimbi kwa oskiloskopu kabla ya LM393: yakibaki makubwa vilevile, ulikuwa ukisoma inveta. Adui wa pili ni chumvi ya hewani. Kwenye rezista kubwa namna hii, unyevu wenye chumvi huvujisha mkondo kati ya njia za bodi. Osha mabaki ya lehemu kwa spiriti ya isopropili, ikauke kabisa, halafu paka vanishi ya bodi.

Anza kwa kusoma pini ya kutoa ya LM393 mara 1,000 kwa sekunde. Biti milioni moja huchukua kama dakika 17. Ukisoma kwa kasi mno, biti jirani hufanana.

Kuondoa upendeleo (0 na 1 kutotokea kwa usawa), tumia mbinu ya von Neumann: soma biti mbilimbili, 01 iwe 0, 10 iwe 1, 00 na 11 zitupe. Utapoteza angalau robo tatu. Mbinu hii haitibu biti zinazotegemeana.

SHA-256, kanuni ya kuvuruga data, iwe ya mwisho, maana huficha uchafu wote: hata hesabu ya 1, 2, 3 ukiipitisha humo hufaulu majaribio ya takwimu. Kwa hiyo endesha ent, programu ya kupima unasibu, kwenye faili la biti mbichi. Wastani wa baiti uwe karibu na 127.5, na uhusiano wa mfululizo (jinsi thamani moja inavyotegemea iliyotangulia) ukaribie 0. Wastani ukikosea kidogo, von Neumann atarekebisha. Uhusiano ukiwa mkubwa, rudi kwenye saketi.