Kompyuta inagoma asubuhi, mchana inawaka: je, ni Windows?

SWALI: Fundi, salamu. Nina kompyuta ya mezani ya miaka saba hivi. Kila asubuhi inanisumbua kuwaka. Nikibonyeza kitufe feni zinazunguka kidogo kisha zinasimama, au zinaendelea kuzunguka lakini kioo kinabaki cheusi. Nikirudia mara tano au sita inakubali, na ikishawaka inapiga kazi siku nzima bila shida. Mchana nikiizima na kuiwasha tena, inawaka mara moja. Jioni huwa nachomoa waya ukutani. Nimeshauriwa nipige Windows upya. Nikubali?

JIBU: Usipige. Windows imo kwenye diski, na diski haisomwi mpaka ubao mama, yaani bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, umalize kujikagua na kuonyesha picha. Mashine yako inakwama kabla ya hapo. Utapoteza siku nzima kuweka programu zako upya, na kesho asubuhi utabonyeza kitufe mara sita zilezile.

Jibu lenyewe umelitaja katika swali lako: asubuhi inagoma, mchana haigomi. Kinachotofautisha nyakati hizo ni kwamba asubuhi mashine imepoa. Kwa umri huo, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, na hasa kapasita zilizomo ndani yake, yaani vipuri vidogo vinavyohifadhi umeme na kuutuliza. Kapasita hizo zina majimaji ambayo hukauka taratibu kwa joto la miaka. Zikichoka, upinzani wao wa ndani hupanda, na ubaridi huupandisha zaidi. Kila unapojaribu kuwasha, zinapata moto kidogo, mpaka jaribio moja linafanikiwa.

Ndiyo maana unaona feni zinazunguka na kioo ni cheusi. Pawa saplai ikishatulia hutuma ishara ya volti 5 kupitia waya wa kijivu, kuuambia ubao mama kwamba umeme uko sawa. Kwa kawaida ishara hiyo hufika ndani ya nusu sekunde. Isipofika, prosesa, ubongo wa kompyuta, hushikiliwa isianze kazi. Feni hazingoji ruhusa hiyo, zenyewe zinataka volti 12 tu.

Kabla ya kununua chochote, leo usiku usichomoe waya ukutani, ila chomoa vifaa vyote vya USB. Pawa saplai iliyoachwa kwenye umeme huendelea kutoa volti 5 za kusubiri hata kompyuta ikiwa imezimwa, kwa hiyo haipoi kabisa. Kesho ikiwaka kwa jaribio la kwanza, shaka yangu imepata nguvu. Angalia saa pia: ikiwa kila asubuhi tarehe imerudi nyuma, betri ndogo ya ubao mama, ile bapa ya CR2032, imekwisha. Mpya husoma volti 3 na ushee. Kuna mbao ambazo husumbua kuwaka kwa sababu ya betri hiyo tu, nayo ni kitu cha bei ndogo, ibadilishe.

Halafu chomoa umeme, fungua kasha, umulike kwa tochi kuizunguka prosesa. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Ukiona kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia, basi tatizo limo kwenye ubao mama wenyewe, na kubadilisha pawa saplai hakutakusaidia. Ukiwa humo ndani, toa RAM, yaani kadi ya kumbukumbu ya muda, isugue miguu taratibu kwa kifutio, uirudishe mpaka ibane.

Ukiwa na multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, pima mashine ikiwa imewaka. Waya wa njano unatakiwa kusoma kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25. Lakini usidanganywe na namba nzuri. Multimita ya kawaida haioni mtetemeko wa umeme, yaani volti kupanda na kushuka kwa kasi, na mtetemeko huo ndio unaoletwa na kapasita zilizochoka. Tena unapopima mashine imeshapata moto, yaani imeshapona kwa siku hiyo.

Kipimo ninachokiamini ni kuazima pawa saplai nyingine unayojua ni nzima, uifunge jioni, na usiiguse mpaka asubuhi. Soma kwanza plagi zake: mashine nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi hutumia umbo na plagi za kwao pekee, na ile ya kawaida ya pini 24 haiingii. Ya zamani usiifungue ili ubadilishe kapasita mwenyewe. Ndani mna kapasita kubwa inayohifadhi zaidi ya volti 300, nayo hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya.

Kabla ya yote hayo, siku mashine imekubali kuwaka, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi, iache ilale kwake na umwambie aiwashe kesho yake asubuhi. Mimi mwenyewe nimewahi kumrudishia mteja mashine ya namna hii mara mbili nikimwambia haina kitu, kwa sababu kila mara aliileta mchana, muda mfupi baada ya kuizima.