Mimi naanzia kwa kalvati

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikalisha chini kwelikweli. Mmeuliza: "Siasa za taifa na siasa za mashinani, zipi zinabadilisha maisha yako?" Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, na nawajibu bila kuzunguka, ni za mashinani, tena zile za chini kabisa za wadi, na nitaeleza kwa nini manake hata mimi zamani sikuwa naona hivyo.

2022 nilikuwa kama kila mtu. Hapa Kenya tulipiga kura Jumanne tarehe 9 Agosti, na kutoka hapo hadi Jumatatu tarehe 15 sikushona hata kifungo, redio inawaka mchana kutwa, tunangoja watu wa Bomas, kule kura zilikojumlishwa, waseme nani ni rais, wateja wanakuja kuuliza sare za watoto wanakuta na mimi niko kwa jirani naangalia runinga. Mpaka leo ukiniamsha usiku nakwambia Ruto alipata 7,176,141 na Raila 6,942,930. Sasa niulize mwakilishi wa wadi yetu alipata ngapi. Sijui! Najua tu alishinda kwa tofauti ndogo sana, hata kwaya ya kanisa letu ingeamka yote mapema siku ile ingembadilisha. Na tulipewa karatasi sita pale ndani, rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, mwakilishi wa wadi, ile ya sita nikaiweka alama nikiwa tayari nimegeuza mguu wa kutoka, nikaangalia chama tu basi. Hilo bado linaniuma.

Kwa nini linaniuma? Kwa sababu ya kalvati, yale mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara.

Kutoka kwangu kwenda shuleni kuna kijito, si kikubwa, wakati wa kiangazi unakiruka. Mvua zile za Aprili 2024, zile zilizofurika nchi nzima, zilikuja zikabeba kalvati yote, mabomba yakaenda tukayaona shambani kwa mtu huko chini. Binti yangu alikuwa gredi ya tatu. Kila asubuhi alikuwa anavua viatu, anavipanga ndani ya mkoba juu ya vitabu, anashika mkono wa mkubwa wake anavuka, halafu ng'ambo anafuta miguu kwa majani anavaa soksi juu ya matope. Anaketi darasani na hayo matope mpaka saa kumi. Mwaka mzima hivyo, na maji yakipanda hakuna shule.

Nikaanza kutembea. Ofisi ya mbunge kijana mmoja akaniambia kwa heshima kabisa, "Mama, hiyo ni ya kaunti, sisi hapa ni basari na madarasa." Nikaenda kaunti, nikangoja hadi saa saba, nikaambiwa barabara hiyo iko chini ya serikali kuu. Nikapanda matatu tena siku nyingine hadi ofisi ya shirika la barabara la serikali kuu, yule bwana akafungua daftari, akatafuta, akanionyesha kwa kidole, "hii si yetu, ni ya kaunti." Siku tatu za kazi na nauli, na nimerudi pale pale.

Aliyenifungua macho ni mwalimu mstaafu tulie naye kwa chama chetu cha kuchangiana. Aliniambia, "Mama, wewe unauliza watu, uliza Katiba." Akanionyesha Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, pale ndipo kazi zimegawanywa, serikali ya kitaifa hizi na kaunti hizi. Zahanati na vituo vya afya ni kaunti. Chekechea, masoko, kilimo, kaunti. Shule za msingi na sekondari, polisi, hospitali za rufaa za kitaifa, hizo ni juu. Barabara kubwa za kitaifa ni za serikali kuu na barabara za kaunti ni za kaunti, ingawa hapo kwa barabara ndipo wanavutana mpaka leo. Mnakumbuka zile bilioni 10.5 za ushuru wa mafuta ambazo magavana na wabunge walipelekana mahakamani? Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli ina shilingi 25 za kutunza barabara, zilikuwa 18. Yule wa bodaboda anayembeba mwanangu analipa hizo 25 kila anapotia lita moja, halafu wakubwa wanagombana ni nani azishike na kijito kiko pale pale. Mimi hilo linanikasirisha sana, nasema wazi.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi mambo ya Nairobi hayana maana. Mswada wa fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi, ulitugusa wote, na wale vijana waliousoma ukurasa kwa ukurasa wakautafsiri kwa lugha za mama wakaweka kwenye simu zetu, mimi nawaheshimu mpaka kesho, na waliokufa kwenye maandamano ya kuupinga siku ile ya tarehe 25 Juni na siku zilizofuata ni watoto wetu, hawafai kusahaulika. Na tena mambo ya juu yanashuka chini, manake mswada ulipoondolewa, mgao wa kaunti nao ukapunguzwa kutoka bilioni 400 hadi 387, kwa hivyo hata kalvati yangu ilikuwa ndani ya hayo mambo. Mwaka wa fedha uliofuata, 2025/26, wakapewa bilioni 415. Magavana wakisema pesa zinachelewa kutoka hazina kuu naamini, ni kweli zinachelewa, miezi na miezi. Lakini sheria ya fedha za umma ya 2012 inasema angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na mimi nataka kuiona hiyo 30 kwa macho, nataka niiguse.

Ninachowaomba wale vijana ni kwamba nguvu ile ile waliyosomea mswada wa bunge la taifa waisomee na mswada wa fedha wa kaunti. Nani anausoma? Huo ndio unapanga ada ya soko, leseni ya duka, pesa ya kuegesha gari. Watu wa Kiambu walienda mahakamani na mwaka 2014 Mahakama Kuu ikaifuta sheria ya fedha ya kaunti yao ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Ni raia tu waliofanya hivyo.

Nami nikaenda kwenye mkutano wa kaunti wa kushirikisha umma kwa bajeti, mara yangu ya kwanza. Hema mbili, viti vya plastiki, ukiingia unatia sahihi kwanza kabla hujasikia lolote, halafu soda na mkate. Tulikuwa zaidi ya mia, nakala za bajeti nne, kila moja nene kama Biblia, na yote Kiingereza. Saa nzima na zaidi wakubwa walikuwa wanazungumza nani atakuwa na nani uchaguzi wa 2027, watu wanapiga makofi, kina mama wa kikundi chetu nao wanapiga. Bajeti yenyewe ilianza saa sita na dakika arobaini, ikapewa dakika ishirini. Wakati wengine wanasikiliza mimi nilikuwa nimeivuta nakala moja nikafungua kurasa za wadi yetu, na huko nyuma kuna orodha ya miradi ya mwaka uliopita, nikaikuta. Jina la kijito, jina la shule, kalvati, pesa zake, na mwisho wa mstari neno moja. Imekamilika.

Nilisimama magoti yakitetemeka, nikausoma ule mstari kwa sauti. Hema lote likanyamaza, halafu mzee mmoja huko nyuma akasema, "Jana mimi nimevuka hapo kwa miguu, maji yako hapa," akaonyesha goti. Mheshimiwa wetu wa wadi akasema, "Mama, tumeliandika, tutaliangalia."

Hapa nataka kusema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Huyu mwakilishi wa wadi kazi yake ni kutunga sheria za kaunti na kumkagua gavana, lakini sisi tumemgeuza mtu wa kuchanga matanga. Tunamtaka kwa mazishi aje na bahasha, tunamtaka kwa harusi, karo, kikundi, na asipokuja tunasema amekuwa na kiburi. Sasa pesa hizo atatoa wapi? Mwenye kumpa ni gavana, yule yule anayefaa kukaguliwa naye. Na mbunge vilevile, tunamhesabia madarasa ya ile hazina ya maeneo bunge, ambayo Mahakama Kuu 2024 ilisema sheria yake haipatani na Katiba, na hatumuulizi hata siku moja alipigia kura sheria gani. Mimi basari imenisaidia, mtoto wangu wa kwanza amesoma nayo, siwezi kukana, lakini ningependa ije kwa njia nyingine na mbunge abaki na kazi ya mbunge. Nimeacha kuomba mheshimiwa yeyote mchango wa mazishi. Kwenye chama tulikubaliana hivyo, tukifiwa tunachangana wenyewe.

Basi sikungoja hiyo "tutaliangalia". Mwalimu akanisaidia kuandika barua, Kifungu cha 35 cha Katiba na ile sheria ya 2016 ya kupata habari, wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Niliomba vitu vitatu: mkataba, jina la mwanakandarasi, na cheti cha kukamilika. Barua ya kwanza wakanyamaza. Nikaenda Tume ya Haki ya Utawala, kule hulipi kitu kupeleka malalamiko, na baada ya hapo ndio nikaitwa nikapewa makaratasi ndani ya bahasha ya kaki. Cheti kilikuwepo kweli, na sahihi. Nikapiga picha kijito, binti yangu amesimama ndani na viatu mkononi, nikapeleka nakala kwa karani wa bunge la kaunti na kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Lori lilikuja Februari. Walichimba siku mbili, wakalaza mabomba, wakarudisha udongo na mawe juu, na Jumatatu iliyofuata binti yangu alipita na soksi nyeupe, nilimsindikiza makusudi nione. Nililia kidogo hapo barabarani.

Lakini mkataba ninao, na nilienda na futi yangu ya kazi. Umeandikwa mabomba mistari mitatu na kuta za mawe pande zote mbili. Wameweka mistari miwili na ukuta upande mmoja. Barua ya pili nimeshapeleka, kina mama kumi na wanne tumetia sahihi, na siku zao 21 zinaisha Ijumaa hii.