Boksi la vipande 46 au la 108? Spana za kuanzia kwa mwenye IST

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004 cc 1490, naishi Kibaha, na nimechoka kwenda gereji kwa kila kitu. Nataka kumwaga oili, kubadili plagi, brek pedi za mbele na mambo ya tairi niwe namaliza mwenyewe nyumbani wikiendi. Kariakoo nimeona boksi la vipande 46 na lingine la vipande 108, hilo la 108 bei ni karibu mara tatu ya lile dogo. Jamaa yangu anasema yote takataka, nitafute spana za mtumba za Japani. Nina laki mbili na nusu, nichukue lipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwa kazi ulizozitaja hilo la 46 liache hapo hapo dukani. Sio kwamba ni baya, ila ukilifungua utakuta racheti yake, ule mkono wa kuzungushia soketi, ni ya mdomo wa robo inchi, na soketi, vile vikombe vya kuvaa kichwa cha bolti, zinaanzia milimita 4 zinaishia 14, yaani ni boksi la kufungua dashbodi, taa, kava za plastiki na tamino za betri. Ukilichukua ukaenda nalo chini ya gari kwenye bolti ya sampu, ile ya kumwagia oili, ambayo fundi wa mwisho aliikaza kwa hasira, kitakachovunjika ni racheti, na kwenye tairi ndo kabisa halina hata saizi.

Hiyo namba kwenye boksi isikupe presha. Wanahesabu kila kitu, biti za nyota, biti za bapa, spana za L za kila aina, adapta, mkono wa bisibisi. Hata la 108 ukitoa hivyo vyote unabaki na soketi kadhaa tu, na katika hizo kuna 11, 13, 15, 16, 18 ambazo kwenye gari lako utazigusa mara chache sana. Wajapani wana utaratibu wao wa vichwa vya bolti: bolti ya M6, yaani ya unene wa milimita 6, kichwa 10, M8 kichwa 12, M10 kichwa 14, M12 kichwa 17. Mzungu hiyo M8 anaiwekea kichwa cha 13, ndo maana mwenye Golf au BMW analia na 13 na 16 wakati wewe unalia na 12 na 14. Kwa hiyo orodha yako ni fupi kweli: 8, 10, 12, 14, 17, 19, 21. Saizi saba. Hizo zikiwa imara umemaliza karibu IST nzima, na pesa unayotaka kuiweka kwenye vipande 108 iweke kwenye hizo.

Tuzipeleke kwenye kazi zako uone. Tamino za betri ni 10, bolti za koili, zile zinazokaa juu ya plagi, ni 10. Bolti ya sampu 14. Plagi zenyewe zinataka soketi ya plagi ya 16, sio ile ya 21 ya magari ya zamani, na zimezama ndani kwenye shimo kwa hiyo unahitaji ekstensheni, kirefusho cha racheti, ya kama sentimita 15, halafu soketi iwe na raba au sumaku ndani ya kushika plagi, la sivyo utaifungua vizuri ukashindwa kuitoa. Brek za mbele, bolti za kalipa, kile kinachobana pedi, ni 14, na siku ukitaka kutoa mpaka diski utakutana na 17 mbili nyuma zilizokazwa haswa. Nati za tairi 21.

Mdomo wa racheti sasa. Kama ni moja tu chukua ya inchi 3/8, hii ya katikati, kwa sababu inaingia kwenye kona za injini bila kukubania na bado ina nguvu ya kufungua 14 na hata 17 nyingi. Ya nusu inchi usinunue racheti yake kwanza, nunua mkono mrefu mtupu usio na meno, wa sentimita 45 hivi au zaidi, na soketi ya 21 ya ukuta mnene. Tairi na zile 17 za nyuma ya kalipa utazifungua na huo. Watu wengi wanachukua racheti wanaivalisha bomba wanakanyaga, meno ya ndani yanakatika, halafu wanalaumu Wachina.

Dukani usinunue kwa kusoma maandishi. Neno CR-V, yaani chuma cha kromu na vanadiamu, linagongwa hata kwenye vitu ambavyo vanadiamu haijawahi kupita karibu, na uzito nao usikudanganye maana chuma dhaifu kinatengenezwa kinene ili kisipasuke haraka. Beba bolti mbili mpya mfukoni, ya kichwa 10 na ya kichwa 14, maduka ya spea wanakuuzia moja moja. Vua soketi kwenye boksi, ivalishe kwenye bolti, halafu izungushe kushoto kulia kwa vidole viwili tu. Soketi ya maana inacheza kidogo sana, mwendo ni mfupi na unausikia unagota pande zote sawa sawa. Ikiyumba mpaka bolti inakaa upande ndani yake, rudisha, hiyo ndo itakayokula kichwa cha bolti yako siku imeshika kutu. Chungulia ndani pia, chagua yenye pembe sita, zile za pembe kumi na mbili ni rahisi kuvalisha ila kwenye bolti iliyochoka zinateleza. Angalia na rangi, kama kromu imebanduka hata kidogo mdomoni acha, ile inakatika kama wembe na inakata vidole.

Racheti ijaribu kwa kuisikiliza. Vesha soketi, shika soketi kwa mkono wa kushoto kwa wepesi tu, rudisha mkono wa racheti nyuma taratibu: ikiwa soketi inarudi nayo badala ya kubaki, ujue ndani ni nzito na kwenye bolti iliyolegea itakusumbua, utakuwa unakaza na kulegeza pale pale. Ya meno 72 inahitaji digrii 5 tu kushika jino linalofuata, ya meno 24 inahitaji 15, na ukiwa umeingiza mkono nyuma ya injini huko huwa hakuna hata hizo 15. Bonyeza swichi ya kugeuza upande mara nyingi nyingi, muuzaji akinuna mwache anune.

Hapo sijakwambia usinunue la 108. Kama ni la chapa inayouzwa na maduka mengi, mfano Ingco au Total, ambayo ukipata tatizo una mtu wa kumrudia, na soketi zake zikipita huo mtihani wa bolti, chukua, kwa matumizi ya nyumbani yanatosha kabisa. Ila hakikisha 21 ipo na soketi ya plagi ya 16 ipo, kwa sababu kuna mengine soketi ndefu zinaruka kutoka 19 kwenda 22, na jua kwamba mengi ni robo inchi na nusu inchi, ile 3/8 ninayokusifia haimo. Likifeli, zunguka upande wa Gerezani, hapo jirani na Kariakoo, ununue moja moja, racheti kwako, soketi saba kwako, ekstensheni mbili.

Nje ya boksi unahitaji ringi spana, zile upande mmoja ringi upande mwingine mdomo wazi, 8 mpaka 17 zinatosha. Nipo radhi ununue soketi za kawaida lakini ringi ya 10 na ya 14 nunua nzuri kuliko uwezo wako. Spana malaya isikuvutie, inashika kila nati na inaharibu kila nati, kaa nayo kwa mambo ya bomba la jikoni. Filta ya oili nunua kopo lake la kufungulia, nenda dukani na filta mpya mkononi ujaribishe likae barabara, na hilo kopo ni la kufungua tu, kufunga ni mkono: paka oili kwenye raba, zungusha mpaka raba iguse, ongeza robo tatu ya mzunguko basi.

Bisibisi ni kitu watu hawajali. Skrubu za nyota kwenye gari la Kijapani zimechongwa kwa kiwango chao cha JIS, kwa macho zinafanana na hizi nyingine ila bisibisi ya kawaida inapanda na kuruka, na ikiruka mara mbili skrubu imekwisha. Ukipata Vessel orijino au yoyote iliyoandikwa JIS, namba 2, chukua moja. Moja tu inatosha.

Toki renchi, ile spana ya kupima nguvu ya kukaza, sio lazima mwezi wa kwanza ila ujue namba. Bolti ya sampu ni kama Nm 38 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ukiwa na spana ya sentimita 20 hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 19 mwisho wa mkono, sio kuning'inia wewe mwenyewe. Nati za tairi ni Nm 103. Nyuzi za sampu zinakufa kwa sababu watu wanakaza ya kwanza kwa nguvu ya hizi za pili. Ukija kuinunua, ya nusu inchi itakufaa kwa tairi, kwenye vitu vidogo kama plagi usiiamini maana huku chini kabisa ya kipimo chake haisomi vizuri, usiifungulie bolti, na ukimaliza irudishe kwenye namba ya chini kabisa.

Spana za mtumba jamaa yako hajakosea. Chapa za Kijapani kama KTC, Tone, Koken iliyotumika miaka na miaka bado inaishinda mpya ya bei chee, ila nunua ringi na soketi tu, na angalia mdomo haujapanuka wala haujapashwa moto, maana mafundi wengine wanakunja spana kwa gesi na chuma kikishapata moto ule ugumu unaondoka. Racheti ya mtumba niachie mimi ninayejua kuifungua.

Sasa hiyo laki mbili na nusu, kabla ya spana yoyote toa hela ya stendi mbili za kushikilia gari, za tani mbili au tatu. Gari lako lina tani moja na kidogo na ile jeki ya mkasi iliyokuja nalo ni ya kubadilishia tairi barabarani, haikutengenezwa kukushikia gari ukiwa umelala chini yake. Tofali la bloku usithubutu, haliinami kwanza likakuonya, linapasuka mara moja. Chagua stendi zenye pini ya kupita kabisa, uziweke kwenye sakafu ya zege, sio kwenye mchanga wa uani, na tairi za nyuma uweke kigingi. Kama baada ya stendi hela imebaki ya soketi nne tu, anza na 10, 12, 14 na 21, na mwezi huu mwaga oili tu, brek zisubiri mshahara ujao.