Nyanya haina kiu, inakosa pumzi

Mkuu, umesema nyanya zako za kwenye ndoo unazimwagilia asubuhi na jioni na bado zinanyauka, halafu ukauliza mbona magugu maji ya Ziwa Victoria yanaelea mwaka mzima na hayaozi. Punguza maji aisee. Mzizi nao unapumua, udongo ukijaa maji muda wote vile vinafasi vya hewa vinazibika, mizizi inaoza na ikishaoza haivuti tena maji kupeleka juu kwenye shina, ndo maana majani yanalegea huku ndoo imejaa tope.

Magugu maji yana ujanja wake. Ukipata gugu moja pasua pale kwenye kikonyo kilichovimba, ndani ni kama sponji, hewa tupu. Yungiyungi nalo vitundu vya kupumulia viko upande wa juu wa jani maana chini ni maji, hewa inashuka na kikonyo hadi kwenye shina lililolala matopeni. Hata mpunga una njia za hewa namna hiyo, nyanya haikuumbiwa hivyo.

Sasa ng'oa mche mmoja uangalie, mizizi ikiwa ya kahawia, inateleza na kunuka ndo imeshaoza, ikiwa bado myeupe una bahati. Toboa ndoo chini (mi huwa napasha msumari moto), matundu kama sita hivi, changanya mchanga kidogo, na kabla ya kumwagilia zamisha kidole, kikitoka na unyevu acha kwanza.