Ukivuka Kasumbalesa, nani atasoma karatasi yako?
Maswali ya wasomaji

Barua za safari hii karibu zote zinazungumzia mpaka: watu wa Lubumbashi wanaoteremka Zambia na kuendelea mbele. Tumechagua sita.

Nauza vitambaa. Miaka yote nafika mpakani Kasumbalesa na karte ya kura (kadi ya mpiga kura), nachukua karatasi ya kupita, nafanya soko, narudi jioni. Sasa nimepata mteja Kitwe. Karte hiyo itanifikisha? (Mama mchuuzi, komine, yaani manispaa, ya Kenya hapa Lubumbashi)

Hapana, mama, haitakufikisha. Karte ya kura imekuwa kitambulisho chetu kwa sababu Kongo imekaa miaka mingi bila kitambulisho cha taifa mikononi mwa raia wote. Ndani ya nchi inafanya kazi nzuri: benki, namba ya simu, hata dirisha la DGM, ofisi ya uhamiaji ya Kongo, upande wetu. Lakini ofisa wa uhamiaji wa Zambia hakuletewa karte hiyo aisome. Yeye anasoma pasipoti. Karatasi ya safari inachaguliwa kwa jicho la anayekupokea, na hapo ndipo wasafiri wengi wanakosea, kwa kuwa wanaondoka na karatasi iliyomridhisha anayewaaga.

Karatasi ya kupita ya wakaaji wa mpakani nayo ina mipaka yake, eneo na muda. Isome kabla ya kuikunja. Soko la ng'ambo ni jambo moja. Kupita Chililabombwe na Chingola hadi Kitwe ni jambo jingine, na njiani kuna vizuizi vya ukaguzi. Ukikamatwa mbali na eneo ulilopewa unahesabiwa kama mtu aliyeingia bila ruhusa, hata kama geti ulipita mchana kweupe na mhuri unao. Faini inaweza kula mtaji wote wa vitambaa.

Chukua pasipoti, na usichanganye pasipoti na viza. Pasipoti inasema wewe ni nani na nchi gani itakupokea ukirudishwa. Viza au mhuri wa kuingia ndio unaosema unaruhusiwa kukaa siku ngapi na kufanya nini. Masharti ya viza hubadilika, basi uliza konsula ya Zambia hapa hapa Lubumbashi kabla ya kukata tiketi, usimuulize kondakta. Sema wazi kwamba unakwenda kuuza, maana ruhusa ya kutembelea ndugu haifungui meza ya biashara.

Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa nini basi nisiende Dar es Salaam na karte tu, kama majirani wanavyofanya? (Ndugu wa Ruashi)

Kongo ilitia saini mkataba wa Jumuiya Aprili 2022, ni kweli. Lakini safari ya kitambulisho bila pasipoti ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda kati yao. Hayahusu Tanzania, na hayahusu karte yetu ya kura. Tena wewe unapita Zambia kwanza, ambayo si mwanachama wa Jumuiya hiyo.

Kwa njia ya barabara, hesabu mihuri. Unatoka Kongo, unaingia Zambia, unatoka Zambia pale Nakonde, unaingia Tanzania pale Tunduma: minne. Kurudi, minne mingine. Ukurasa mmoja ukibeba mihuri minne iliyogongwa kwa utaratibu, safari moja imemaliza kurasa mbili, na kama kuna viza ya kubandika, hiyo peke yake inaweza kuchukua ukurasa mzima. Kabla ya kuondoka hakikisha una kurasa mbili au tatu nyeupe kabisa, na pasipoti iwe na miezi sita au zaidi mbele yake, ukihesabu kuanzia siku ya kurudi. Anayehesabu kuanzia siku ya kuondoka anajipunja bila kujua.

Nakonde na Tunduma ni kituo cha pamoja: mhuri wa kutoka na wa kuingia unagongewa katika jengo la nchi unayoingia. Madirisha yako karibu, foleni ni ndefu, basi linapiga honi, na mtu anakwenda dirisha moja tu. Wakati wa kurudi Zambia wanamwona kama mtu ambaye hakuwahi kutoka kwao, siku zimezidi. Fungua pasipoti ukiwa bado mbele ya dirisha, tafuta mihuri miwili ya tarehe hiyo, ndipo utoke.

Karte yangu ya kura inasema Ilunga Kabwe Joseph. Diploma inasema Kabwe Ilunga Joseph. Akte ya kuzaliwa inasema Illunga Kabwe, Joseph hayupo. Naomba pasipoti kwa ajili ya masomo. Nifuate ipi? (Mwanafunzi, Kampemba)

Fuata akte ya kuzaliwa, lakini irekebishe kwanza. Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote tuliyopokea, tena ni la wengi.

Tatizo lako lina historia. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, na familia zikaongeza jina la pili la ukoo, lile tunaloita postnom. Baadaye prenom, yale majina ya Kikristo, zikarudi. Ndiyo maana nyumba moja ya Lubumbashi inaweza kuwa na baba asiye na Joseph kwenye akte na mtoto mwenye majina matatu kwa mpangilio wa karani aliyekuwa zamu siku ile. Ndani ya Kongo tunaelewana. Nje, fomu ina nafasi mbili tu, jina la ukoo na jina la kupewa, na postnom haina pa kukaa.

Akte haisahihishwi kwa kalamu, hata kama karani wa eta sivili, ofisi ya komine inayoandikisha vizazi, ni jamaa yako. Kosa ndani ya akte linarekebishwa kwa uamuzi wa tribinali (mahakama) ya amani. Peleka akte, karte, diploma, na akte za wazazi kama zipo. Ukishapata uamuzi, rudi komine uandikwe kwenye daftari, uchukue nakala mpya yenye marekebisho. Wengi wanabaki na karatasi ya tribinali wakidhani wamemaliza, kumbe daftari bado linasema Illunga mwenye L mbili. Hapo tu ndipo uombe pasipoti, halafu shule irekebishe diploma kufuata akte.

Pasipoti ikitoka, usiondoke dirishani kabla ya kusoma mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha, ile yenye alama za <. Kila mstari una nafasi 44, na ndiyo mashine ya mpakani inayosoma. Baada ya herufi za mwanzo kuna COD, yaani Kongo yetu, kisha jina. Tazama tofauti hii:

P<CODILUNGA<<KABWE<JOSEPH
P<CODILUNGA<KABWE<<JOSEPH

Alama mbili << zinatenga jina la ukoo na majina ya kupewa. Mstari wa kwanza unasema ukoo ni Ilunga peke yake. Wa pili unasema ukoo ni Ilunga Kabwe. Kwa mashine hawa ni watu wawili. Kilicho kabla ya << ndicho unachoandika kwenye nafasi ya jina la ukoo, iwe tiketi ya ndege, fomu ya viza au barua ya chuo, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo.

Mstari wa pili una tarehe yako ya kuzaliwa, mwaka kwanza. Aliyezaliwa tarehe 7 Machi 1994 anaandikwa 940307, na mbele yake tarakimu moja ya ulinzi. Inapatikana hivi: zidisha kila tarakimu kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1. Utapata 63, 12, 0, 21, 0 na 7, jumla 103, tarakimu ya mwisho ni 3. Mtu akigeuza 7 kuwa 8 jumla inakuwa 104, mashine inangoja 4, inaona 3, inakataa. Anayekuahidi kufuta mwaka mmoja kwenye pasipoti anakuuzia kesi. Na kama kosa ni la ofisi yenyewe, lirudishe siku hiyo hiyo, kabla pasipoti haijagongwa mhuri wowote.

Dirishani waliniomba karte ya manjano. Nikatoa ya gari, wakakataa. Ziko ngapi? (Dereva, Kampemba)

Ziko mbili, na hazina undugu. Ya kwanza ni ya bima: Karte ya Manjano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), inayolipa madhara utakayomfanyia mtu mwingine kwa gari lako katika nchi nyingine. Inatolewa na bima yako hapa, na Tanzania inaikubali ingawa si mwanachama wa COMESA. Hiyo inakaa pamoja na karte roze (kadi ya usajili) ya gari, na kama gari si lako, pamoja na barua ya mwenyewe.

Ya pili ni ya mwili wako: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kinaanza kufanya kazi siku ya kumi baada ya sindano. Ukidungwa Jumatatu ukasafiri Alhamisi, cheti kipo lakini bado hakina nguvu. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote, hata cha zamani kilichoandikwa miaka 10, basi usikubali kulipia sindano ya pili kwa sababu hiyo.

Kikague kituoni: jina kama la pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe ya sindano, kiwanda na namba ya toleo la chanjo, saini ya mhudumu, kashe (mhuri) ya kituo, na saini yako mwenyewe. Palipofutwa au kuachwa wazi panaweza kukibatilisha. Kila mtoto ana chake, mzazi anamtilia saini. Kwa mtoto wa chini ya miezi tisa au mama mjamzito, mwone daktari akuandikie barua ya kusamehewa chanjo, yenye kashe.

Nampeleka binti yangu wa miaka saba kwa shangazi yake Ndola. Baba yake anabaki kazini. Nimebeba karatasi ya hospitali aliyozaliwa. Inatosha? (Mama wa Katuba)

Karatasi ya hospitali inasema mtoto alizaliwa pale. Haisemi kisheria ni wa nani. Unahitaji akte ya kuzaliwa ya eta sivili. Sheria inatoa siku 90 baada ya kuzaliwa kuandikisha komine; baada ya hapo inabidi kupata hukumu ya tribinali ya watoto, pamoja na cheti kwamba haikukatiwa rufaa, kisha kurudi komine ili akte iandikwe. Anza mapema, mama, maana kila hatua ina foleni yake.

Mtoto awe na pasipoti yake. Baba aandike ruhusa inayotaja jina la mtoto, namba ya pasipoti, jina lako, mahali mnapokwenda na tarehe za kwenda na kurudi, aitie saini mbele ya ofisa anayeithibitisha, aambatanishe fotokopi ya kitambulisho chake. Ipeleke DGM kabla ya siku ya safari uulize kama kuna ruhusa ya kutoka ya mtoto. Na kwa kuwa ng'ambo wanasoma Kiingereza, akte na ruhusa zitafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa. Usibebe tafsiri bila asili yake.

Nikiibiwa pasipoti Lusaka? (Msomaji, Kamalondo)

Polisi kwanza, upewe taarifa ya maandishi. Kisha ubalozi wa Kongo pale Lusaka, na taarifa hiyo, foto, na fotokopi ya ukurasa wa picha uliyoiacha kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Watakupa lesepase, karatasi ya safari ya dharura, ya kurudi. Ni ya kwenda upande mmoja tu. Uliza kwitansi (risiti) kwa kila unacholipa, na usiitumie lesepase hiyo kuendelea Dar.