Mwenye kiwanja kufunga njia ya baharini: majibu kutoka Tanga

Mkuu umeuliza kama mwenye kiwanja cha ufukweni ana haki ya kuwazuia kupita na mishipi yenu, huko Bagamoyo mlikotimuliwa na mlinzi. Nakujibu kwa tuliyopitia huku Tanga, njia ya Pangani.

Tenganisha ufukwe na njia ya kufika ufukweni. Ufukwe si wake. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais ndo mdhamini, mwenye kiwanja ana hati ya kuitumia tu, na Sheria ya Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka baharini. Ila hizo mita 60 hazikupi ruhusa ya kukatiza uani kwa mtu, hapo ndo wengi wanapochemka.

Kwetu mwekezaji alijenga ukuta akaziba kichochoro cha kina mama wanaokwenda kuchokoa pweza, akasema zungukeni. Maji yakiwa yamekupwa sawa, unapita mchangani. Lakini pweza ni wa bamvua, zile siku maji yanakupwa sana na kujaa sana, na maji yakirudi yanagonga ukuta kabisa, sasa huyo mama anatoka mwambani na ndoo kichwani, nguo imelowa mpaka kifuani, apite wapi? Iliniuma sana ile, mpaka leo inaniuma.

Kelele getini hazikusaidia kitu. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, likapelekwa mkutano mkuu, wazee wakaeleza njia ilikopita, BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni, nao wakaandika barua maana wavuvi wao wanashusha samaki palepale, halafu tukaenda ofisi ya ardhi wilayani kuomba kuona mchoro wa upimaji. Njia ipo! Imeachwa kati ya viwanja viwili, jamaa kaimeza. Mchoro ulipowekwa mezani akabomoa kipande cha ukuta, upana wa watu wawili kupishana na mizigo.

Nyie anzieni serikali ya mtaa au kijiji mkaulizie huo mchoro. Kama njia haimo bado Sheria ya Ardhi ya 1999 inatambua njia za umma zinazopita kwenye ardhi ya mtu, ila hiyo ni safari ndefu ya halmashauri, jipangeni kwenda kama kundi, mmoja mmoja watawazungusha.

Hilo uliloulizia pia, la kuwinda ndege kanga kwenye shamba la mkonge, ni kesi nyingine kabisa. Mnyamapori ni mali ya umma hata akilala shambani kwa mtu, kwa hiyo mwenye shamba kukuruhusu haitoshi, bila leseni usiguse. Na Saadani msiiingize humu, ile ni hifadhi ya taifa, ina taratibu zake na kiingilio chake.

Kama huyo mwenye kiwanja wa huko kwenu anajenga ukuta na bado haujaisha, nendeni wiki hii hii mkapige picha, nguzo zionekane na ile njia iliyokanyagwa ionekane vizuri, kabla hajamwaga kifusi juu yake.