Swali la lugha: "Iliazimiwa suala lishughulikiwe." Na nani, lini?

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Tanzania, na kwa nafasi hiyo ni katibu wa kamati ya shule. Mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) alipopitia faili letu la vikao alisema maazimio yetu hayapimiki. Mojawapo aliloliwekea alama ni hili: "Iliazimiwa kuwa suala la utoro lishughulikiwe haraka iwezekanavyo na wazazi wahamasishwe." Mjumbe mmoja anasema kosa liko kwenye "iliazimiwa", tungeandika "kikao kiliazimia". Mwingine anadai hata kichwa cha waraka si sahihi, kiwe "kumbukumbu" badala ya "muhtasari". Yupi yuko sahihi? Na mbona suala hilohilo la utoro linarudi kwenye "yatokanayo", yaani ajenda ya kufuatilia maazimio ya kikao kilichopita, kila kikao?

JIBU: Nianze na mjumbe wa kwanza. "Iliazimiwa" ni Kiswahili safi. Kiambishi i- kilicho mwanzoni hakirejelei nomino yoyote; ni kilekile cha "imeamuliwa" na "inasemekana". "Kikao kiliazimia" kina faida moja tu, kwamba kinamtaja mwamuzi, na kwa sababu hiyo mimi ningekipendelea. Ila mkibaki na "iliazimiwa", angalieni mambo mawili. Msidondoshe i iliyo kabla ya -wa ikawa "iliazimwa", maana hapo kuna kitu kimekopwa. Na msiibadilishe na "ilikubalika": -ik- husema jambo lilikuwa la kukubalika, haisemi kwamba kuna watu waliokaa, wakajadili, wakalikubali.

Kilichomkera mthibiti ubora kiko mbele zaidi, kwenye "lishughulikiwe" na "wahamasishwe". Hivi ni vitenzi ambavyo mtu akivitekeleza huwezi kumwona. Mtoto mtoro anaweza kushughulikiwa kwa mwalimu kwenda nyumbani kwao, kwa kuanzisha uji wa saa nne, au kwa fimbo. Azimio lenu linaruhusu yote matatu. (Na mitaani mtu akikuambia "nitakushughulikia" hakuletei heri.) Katika ukoo huo wamo kuboresha, kuimarisha, kufanyia kazi, na yule anayependwa kuliko wote, kuhakikisha. "Katibu ahakikishe mahudhurio yanapanda" linataja matokeo yanayotakiwa na mtu wa kulaumiwa, lakini halitaji hata tendo moja la kufanywa Jumatatu asubuhi.

Juu ya hapo mmeweka kauli ya kutendwa bila mtendaji. Kiswahili kinairuhusu kabisa, "lishughulikiwe" inakamilika bila "na fulani", na ndiyo maana inapendwa vikaoni: kila mjumbe anatoka akiamini mtendaji ni mwenzake. Irudisheni sentensi kwenye kauli ya kutenda na mtalazimika kutaja jina la cheo, kwa sababu kitenzi chenyewe kitadai kiambishi cha nafsi.

Azimio lenu likiandikwa upya linaweza kusomeka hivi:

"Kikao kiliazimia kuwa mwalimu wa Darasa la Tatu aorodheshe wanafunzi waliokosa masomo siku 5 au zaidi mwezi Februari, na amkabidhi katibu orodha hiyo kabla ya tarehe 7 Machi. Wajumbe wawili wanaowakilisha wazazi wazitembelee kaya za wanafunzi hao kati ya tarehe 8 na 21 Machi na kuandika sababu ya kila mtoto kukosa. Katibu asome matokeo katika kikao kijacho."

Tazameni mwisho wa vitenzi: aorodheshe, wazitembelee, asome. Ile -e ndiyo inayobeba agizo. Mkiandika "mwalimu wa darasa ataorodhesha", -ta- inageuza agizo kuwa ahadi, au utabiri, na ahadi aliyoitoa mtu mwingine kwa niaba yako haikufungi sana. "Anapaswa kuorodhesha" nayo inaeleza wajibu wake wa siku zote, si kazi aliyopewa siku hiyo. Sababu ya kutaka darasa moja na mwezi mmoja ni ya kivitendo: rejesta ya mahudhurio anayo mwalimu wa darasa, na orodha ya darasa moja inawezekana kufuatiliwa nyumba kwa nyumba na watu wawili ndani ya wiki mbili. Orodha ya shule nzima hukaa kwenye droo.

"Haraka iwezekanavyo" ifutwe kila inapotokea. Haina tarehe, kwa hiyo haina siku ya kuchelewa.

Hapa inafaa kusema kitu kuhusu kazi ya kamati yenyewe, maana kitenzi kinachotangulia azimio ndicho kinachoonyesha mipaka yake. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 iliweka kamati kwa shule za msingi na bodi kwa shule za juu ya hapo. Kamati inaidhinisha mpango wa maendeleo ya shule na bajeti yake, inasimamia matumizi, inaiunganisha shule na wazazi. Haiajiri mwalimu na haimhamishi. Kwa hiyo "kikao kiliazimia mwalimu fulani ahamishwe" ni azimio lisilo na mtekelezaji, hata kama limeandikwa kwa sarufi nzuri. Kwa mambo yaliyo nje ya mikono yenu tumieni "kilipendekeza", na mtaje anayepelekewa pendekezo: "Kikao kilipendekeza kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kupitia Afisa Elimu Kata, shule iongezewe mwalimu wa Hisabati." Kuazimia ni kwa yale mnayoweza kuyatekeleza wenyewe. Kushauri ni pale mnapotoa maoni na anayeshauriwa yuko huru kuyaacha.

Vivyo hivyo msichanganye kuthibitisha na kuidhinisha. Muhtasari wa kikao kilichopita huthibitishwa, yaani wajumbe wanakiri kwamba hayo ndiyo yaliyosemwa. Bajeti huidhinishwa, au hupitishwa, yaani inapewa ruhusa itumike. Ukiandika "kikao kilithibitisha bajeti", msomaji makini atajiuliza kama wajumbe waliipa bajeti kibali au walikiri tu kwamba wameiona.

Pesa zina mtego mwingine. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016, michango ya lazima imekatazwa, ila mzazi anaweza kutoa kwa hiari. Sasa linganisha "wazazi wachangie" na "wazazi wachangishwe". La pili lina -ish- ya kusababisha na -w- ya kutendwa: wazazi wanafanywa wachangie. Nimeona (na yeyote anayesoma mihtasari ya shule ameona) neno hilo likiandikwa bila nia mbaya, na likaisababishia kamati maswali kutoka halmashauri. Kama ni hiari, andikeni "wazazi walio tayari wachangie", kisha mkaongeza sentensi ya kukanusha ili pasiwe na shaka: "Mwanafunzi asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuchangia."

Sehemu inayoharibika zaidi, kwa maoni yangu, ni ya takwimu, na kosa lenyewe ni la neno dogo. "Mahudhurio yameshuka kwa asilimia 80" na "mahudhurio yameshuka hadi asilimia 80" ni habari mbili tofauti kama usiku na mchana. "Kwa" hutaja ukubwa wa mabadiliko, "hadi" hutaja mahali yalipofikia. Chukueni darasa la wanafunzi 60 lenye siku 20 za masomo kwa mwezi. Mahudhurio kamili ni 60 mara 20, yaani 1,200. Rejesta ikionyesha 1,020, mahudhurio ni asilimia 85. Mwezi unaofuata, wenye idadi hiyohiyo ya siku, ikionyesha 960, mahudhurio ni asilimia 80. Sentensi iliyo salama ni "mahudhurio yameshuka kutoka asilimia 85 hadi asilimia 80". Msiandike "yameshuka kwa asilimia 5", kwa sababu mwenye kikokotoo atawaambia kwamba 60 zilizopungua kati ya 1,020 ni karibu asilimia 6, naye hatakuwa amekosea. Kutaja ncha zote mbili kunamaliza ubishi. Ufaulu nao hivyohivyo: "umepanda kwa asilimia 40" ni muujiza, "umepanda hadi asilimia 40" huenda ni shule ambayo bado ina kazi kubwa.

"Changamoto" nayo iwekeni pembeni kwa muda. "Shule inakabiliwa na changamoto ya vyoo" inaweza kuwa havipo, vimejaa, havina milango, au havina maji, na kila moja ina fundi wake na bei yake. Mwongozo wa Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 240 inahitaji matundu 12. Kama yapo 7, andikeni "upungufu ni matundu 5 ya wasichana". Neno upungufu linalazimisha namba, changamoto hailazimishi chochote. Angalieni pia kwamba kinachohesabiwa ni matundu, si vyoo. "Tumejenga choo kimoja" kinaweza kuwa jengo lenye matundu sita.

Sasa yatokanayo. Utoro unarudi kila kikao kwa sababu azimio lenyewe halina mahali pa kufia, lakini pia huenda ni kwa namna mnavyoandika hali ya utekelezaji. Kiswahili kina tofauti ambayo lugha nyingi zingeitamani: halijatekelezwa na halikutekelezwa. Lenye -ja- husema bado, nafasi ipo. Lenye -ku- husema muda ulipita na halikufanyika. Kama tarehe ya mwisho ilikuwa 7 Machi na kikao kimekaa mwezi Aprili, "halijatekelezwa" ni huruma ya makarani. Andikeni "halikutekelezwa kwa muda uliopangwa", kisha sababu, kisha tarehe mpya au uamuzi wa kuliondoa. "Linaendelea" likubalike tu likifuatwa na namba: "linaendelea, kaya 9 kati ya 14 zimetembelewa". Kiambishi kibaki li- cha azimio. Mara nyingi katikati ya ukurasa kinageuka kuwa i-, na msomaji hajui tena kama kilichotekelezwa ni azimio, taarifa au bajeti.

Kuhusu kichwa cha waraka, mjumbe wa pili hana kosa ila yuko nchi ya jirani. Shule za Kenya hufundisha "kumbukumbu za mkutano" kama aina ya insha, na huko ndilo neno la kawaida. Tanzania wengi wanaandika "muhtasari wa kikao", na kuna sababu ya kubaki nalo: barua zenu za serikali zina "Kumb. Na." (kumbukumbu namba) juu kushoto, kwa hiyo kumbukumbu ofisini tayari ina kazi nyingine. Wingi wake ni mihtasari. Hata hivyo msilichukue neno kwa maana yake ya ufupisho mkakata maazimio; kinachofupishwa ni mjadala.

Kwa kuwa mmetaja wajumbe: endeleeni hivyo. "Wanachama wa kamati" imeenea, hasa kwa wanaofikiri kwanza kwa Kiingereza, lakini mwanachama hujiunga na chama na kulipa ada, ilhali mjumbe ametumwa na waliomchagua na anawajibika kuwapelekea jibu. Kenya, ambako Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazipa shule za umma, za msingi na za sekondari, bodi ya usimamizi, mantiki ni ileile. Na kwa Waswahili wenzetu walioko Uingereza wanaoulizwa namna ya kuwaita wale wazazi na wanajamii wanaokaa kwenye bodi za shule huko, "magavana wa shule" haifai: kwa Mkenya gavana anaongoza kaunti, kwa Mtanzania anaongoza Benki Kuu. Mjumbe wa bodi ya shule inatosha.

Limebaki neno moja ambalo hamkuliuliza lakini litakuja, kwa sababu semina za kamati zinalipenda: kumwajibisha mwalimu mkuu. Kamusi haina ugomvi nalo, ni kumfanya mtu atimize wajibu wake. Siasa ndiyo iliyolibadilisha. Masikioni mwa Mtanzania wa leo, aliyewajibishwa ameondolewa, na aliyejiwajibisha amejiuzulu. Ukiandika "kamati ilimwajibisha mwalimu mkuu kuhusu vitabu", afisa elimu atapiga simu kabla ya chakula cha mchana. Hapa kuna ugumu wa kipekee, kwamba anayeulizwa maswali ndiye pia katibu anayeyaandika. Ndiyo maana mihtasari mingi inaishia na "baada ya majadiliano marefu", maneno manne yanayoweza kufunika swali lolote. Andika swali na jibu, kwa nafsi ya tatu, hata pale aliyeulizwa ni wewe: "Wajumbe waliuliza kwa nini vitabu 60 vya Kiswahili vilivyopokelewa Januari havijagawiwa. Katibu alijibu kuwa vilikuwa havijapigwa mhuri wa shule. Kikao kiliazimia kuwa mwalimu wa taaluma avipige mhuri na kuvigawa kufikia Ijumaa, tarehe 14 Machi."